Vyoo vya Paka wa Shangazi

Mkojo wa paka haufanani na uvundo mwingine wowote ninaoujua. Harufu ya mbuzi mtu huizoea, moshi wa kuni hutoka nguo ikifuliwa, na hata mihogo iliyolowekwa huacha kunuka ikishaanikwa juani. Mkojo wa paka hujificha. Hutulia kwenye nguo siku nzima ya jua kana kwamba umekwisha, kisha manyunyu yakiigusa nguo hiyo, unaamka na kuingia chumbani kabla yako. Nilikuja kuujua hivyo katika msimu mmoja wa mvua nilipokuwa darasa la tano, Tunduma, katika nyumba ya shangazi yangu. Mpaka leo nikiwasimulia watu habari za utoto wangu, ule msimu huwa naupita harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kufukuzwa.

Kwetu ni Ihanda, kwenye mahindi na kahawa. Baba alikuwa amevuka kwenda Zambia kutafuta kazi, habari zake zikawa za kusikia kwa watu, na mama alibaki na wadogo zangu watatu. Shangazi Roida, dada mkubwa wa baba, alikuja siku moja juu ya lori la mahindi, akanywa chai yetu bila kuvua koti, akaniangalia juu mpaka chini, akamwambia mama, "Nipe huyu Enesi. Nitamsomesha, naye atanisaidia kazi." Mama hakubisha. Kabla sijaondoka alikwenda mnadani Mlowo akaninunulia sweta ya bluu ya shule, kubwa kidogo ili ikae miaka miwili. Alinivalisha mwenyewe akaikunja mikono. "Shangazi yako ni mtu msafi," alisema. "Usiniaibishe."

Tunduma ya miaka ile ilikuwa mji unaokua kila mtu akiangalia. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na yeyote mwenye chumba chenye mlango mgumu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Malori yalipanga foleni kwenda mpakani, matope yakiruka mpaka madirishani, na vijana walipita katikati yake wakipunga vitita vya kwacha na shilingi. Stoo ya shangazi ilishikana na nyumba yetu, kiasi kwamba nikiwa nimelala nilisikia panya wakitafuna upande wa pili wa ukuta. Mahindi yalipangwa juu ya machaga ya mbao mpaka karibu na bati, yakisubiri bei ya mwezi wa pili, wakati watu wa vijijini wameshamaliza ya kwao. Panya nao walikuwa wanajua huo ndio wakati wao. Kwa ajili yao shangazi alifuga paka watano.

Paka hao hawakutoka nje. Aliyekuwapo kabla yao alikanyagwa na lori, na mwingine alikula panya aliyekufa kwa sumu ya jirani, hivyo shangazi aliamua paka wake wataishi na kufia stoo. Chakula chao waliletewa, na choo chao kilikuwa madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa ubavuni, yamewekwa pembe za chumba, yamejazwa maranda ya mbao. Kazi ya kuyasafisha madumu hayo ilikuwa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule niliingia mle ndani, nikazoa uchafu kwa kipande cha bati, nikamwaga maranda yaliyolowa kwenye dumu moja, nikalibeba ubavuni mpaka shimo la taka nyuma ya nyumba. Njia ya kwenda shimoni ilikatiza njia ya wanafunzi wanaotoka Chapwa. Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi Yohana, seremala wa ng'ambo ya barabara, kuchukua maranda mapya. Mvua ilipozidi, maranda yake nayo yakawa mabichi, nikaanza kutumia majivu ya jikoni. Majivu yaling'ang'ania miguu ya paka, na nikirudi mchana nilikuta nyayo zao nyeupe zimepanda juu ya magunia kama muhuri.

Shangazi hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Alisimama mlangoni mwa stoo na kitambaa chake cheupe kichwani, akauliza, "Umemaliza?" akaangalia kila pembe, akaondoka. Niliona ajabu kwamba aliangalia tu. Mimi nilikuwa naziba pua kwa bega, macho yananiwasha, naye anasimama palepale anapumua kama mtu aliye kanisani. Nilidhani ndivyo watu wazima walivyo. Na palikuwa na jambo jingine. Kila alipoletewa maharage au mahindi na watu wa vijijini, aliniita: "Njoo unuse haya. Niambie yana nini." Nilinusa nikasema yana ukungu, au yamehifadhiwa karibu na mafuta ya taa, au ni mazuri. Naye alitikisa kichwa kama mwalimu anayeridhika na jibu. Nilijua ananifundisha biashara.

Shuleni mambo yaliharibika kidogokidogo. Alikuwapo msichana anaitwa Aneth, baba yake alishughulikia mizigo ya malori mpakani, na mama yake alitoka upande wa pili, hivyo Kibemba alikijua vizuri. Asubuhi moja alinikuta nakatiza njia na dumu langu. Alichungulia ndani, akarudi nyuma, akasema kwa sauti ya mshangao tu, wala si ya matusi, "Kumbe ni mavi ya pushi!" Pushi ndiyo paka kwa watu wa huko. Kabla ya kengele ya mapumziko, jina langu darasani lilikuwa Pushi. Dawati letu lilikuwa la watu watatu. Mmoja alihama, halafu wa pili naye akahama, na nikabaki nimekaa katikati kama chifu.

Hayo ningeyavumilia. Yaliyonishinda yalitokana na paka mmoja dume wa rangi ya majivu, aliyekuwa na tabia ya kuinua mkia na kurusha mkojo ukutani. Nilikuwa natundika sweta yangu kwenye msumari karibu na mlango ili isichafuke nikiwa kazini. Siku moja akairushia hiyo. Niliifua kwa sabuni ya mche, nikaisugua kwa majani ya mlimao, nikaianika juu ya jiko. Ilipokauka nikainusa, nikaona imepona. Asubuhi yake kulikuwa na ukungu na manyunyu yale ya Tunduma yasiyoonekana lakini yanalowesha, nikafika shuleni nimelowa mabega. Tulikuwa kwenye hesabu. Mwalimu aliacha kuandika, akageuka, akasema, "Nani amekanyaga uchafu? Inueni miguu." Darasa zima likainua miguu. Mwalimu alipita dawati kwa dawati akiangalia nyayo. Mimi niliinua ya kwangu, safi kabisa, na nikajua inakuja.

"Siyo viatu, mwalimu," alisema Aneth. "Ni Pushi."

Walicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Mwalimu alifika kwangu, akainama, kisha nikaona mkono wake ukipanda kwenda puani na ukirudi chini haraka, kwa sababu hakutaka nione. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Toka nje kidogo, mwanangu, upate hewa." Angenichapa ningelia na ingekwisha. Ule upole wake ndio ulionimaliza. Nilisimama chini ya bati la darasa, maji yananidondokea kisogoni, nikisikia wenzangu wakigawanya namba kwa sauti moja, nikajiona mimi ndiye ninayewachelewesha wote. Kipindi kilipoisha sikuingia tena.

Siku zilizofuata nilitoka nyumbani na sare kama kawaida, nikaishia kwa fundi Yohana. Nilikaa juu ya lundo la maranda nyuma ya banda lake nikisoma kitabu kilekile cha jiografia. Aliniuliza mara moja tu. Nilimwambia mwalimu wetu anaumwa, naye akasema, "Pole yake," akaendelea na randa yake. Sikumwambia shangazi. Ningesemaje? Nyumba ni yake, paka ni wake, na anaingia mle kila siku. Nilidhani anasikia harufu ile kuliko mimi, na kwamba kwake si kitu. Nilidhani mimi ndiye mwenye pua ya kudeka.

Asubuhi moja nikiwa hapo niliona lori limeegeshwa mbele ya stoo yetu. Mteja mkubwa wa shangazi alikuwa amefika, mama mnene mwenye kicheko, aliyeitwa BanaMulenga, yaani mama yake Mulenga, mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wapakiaji walikuwa wamesimama tu, hawabebi. Kisha nikasikia sauti ya shangazi imepanda, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, nikavuka barabara nikiwa na sare zangu.

BanaMulenga alikuwa ameshika bambo, kile chuma chenye mdomo mkali cha kuchomea gunia ili kuonja mahindi ya ndani. Kiganjani alikuwa na punje chache, ameziweka mbali na uso wake.

"Awe, mama," alikuwa anasema, yaani hapana. "Awe. Mimi na wewe tunajuana. Haya yamekojolewa. Nikayauze wapi?"

"Unataka kushusha bei," alisema shangazi. "Sema hivyo. Usiyatukane mahindi yangu."

"Nusa mwenyewe!"

Shangazi alichota punje kiganja kizima, akazipeleka puani, akavuta pumzi ndefu mbele ya watu wote. "Hayana kitu," akasema. Akampa mpakiaji aliyekuwa karibu. Yule kijana akageuza uso upande, na wenzake wakaanza kucheka. Shangazi akachota tena, safari hii akazisogeza mpaka zikamgusa mdomo, akavuta pumzi mara ya pili, na ya tatu. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo nilimwona uso. Haukuwa uso wa mtu anayesema uongo. Ulikuwa wa mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe walishahama. Hapo ndipo nilipoelewa, yote kwa mara moja: kusimama kwake mlangoni bila kuziba pua, na kuniita kila mara, njoo unuse, niambie yana nini.

"Shangazi," nikasema, "yananuka."

Watu wote wakanigeukia. Nikaongeza, maana nilishaanza, "Hili na yale ya ukutani. Ya katikati ni mazima."

Shangazi aliniangalia. Hakuuliza kwa nini siko shuleni. "Una hakika?" alisema kwa sauti ndogo.

"Nina hakika."

Alichukua bambo mikononi mwa BanaMulenga, akanipa mimi. Nikaingia stoo, nikachoma gunia moja baada ya jingine, nikanusa, nikasema hili toa, hili weka. Watu walijaa mlangoni kuangalia. Mpakiaji mmoja, ambaye mdogo wake alikuwa darasani kwetu, akasema, "Kumbe huyu ndiye Pushi mwenyewe! Anajua mikojo ya wenzake." Wakacheka tena. Nilikuwa nimeinama juu ya magunia, nimevaa sare ya shule saa ya shule, nanusa kama mnyama mbele ya watu wazima. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Sikuinua kichwa mpaka nilipofika gunia la mwisho. Yaliyoharibika hayakuwa mengi. BanaMulenga alipakia mazima, akanishika bega, akasema, "Natotela, mayo," asante, mama, kama anavyoambiwa mtu mzima. Hata hiyo sikuweza kuipokea. Nilitaka lori liondoke tu.

Lilipoondoka shangazi alifunga mlango, akakaa kwenye chaga tupu, akanionyesha nikae karibu naye. Paka wale walikuja kujisugua miguuni kwetu. Akauliza akiangalia sakafu, "Sweta yako nayo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Shuleni wanakucheka?"

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

Niliinama nikamkuna paka mmoja shingoni.

"Enesi. Nimekuuliza. Na mimi nanuka?"

Hakuna swali nililowahi kuulizwa, kabla ya siku hiyo wala baada yake, lililokuwa gumu kama hilo. Shangazi yangu alikuwa anaoga asubuhi na jioni. Kitambaa chake cha kanisani alikilaza kwenye maji ya bluu mpaka kikang'aa. Nilitazama mikono yake na kucha zilizokatwa vizuri, nikasema, "Ndiyo, shangazi. Kidogo."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana kanisani akina mama hawakai benchi langu. Nilidhani wananionea wivu." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Kisha akaniambia kwamba mwaka ule alipomzika mumewe aliugua homa kali ya wiki nyingi, na alipopona akakuta pua yake imekufa. Hakumwambia mtu. "Mfanyabiashara wa mahindi asiyesikia harufu, si kila mtu atamletea takataka? Na wewe usiseme." Nikaahidi.

Jioni hiyohiyo alimwita fundi Yohana akakata tundu chini ya mlango wa stoo na kuzungushia ua wa mbao nyuma, paka wakapata pa kutokea, na madumu yakahamia huko chini ya kipande cha bati. Yule dume shangazi aliwapa wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka bondeni Momba, wakamchukua kwa furaha. Tulichemsha kila kitu kilichoweza kuchemshwa, vitambaa, mapazia, mashuka, na sweta ya mama ikasinyaa mpaka ikanifika kitovuni.

Asubuhi iliyofuata alivaa vitenge vyake vya sikukuu akanipeleka shule. Nilidhani atazungumza na mwalimu ofisini. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa darasa, akaomba ruhusa, akasimama mbele. "Hamjaniamkia, si kitu," alisema, na wanafunzi wakainuka kwa kishindo kumwamkia. Akawakalisha. "Nimekuja kusema neno moja. Mtoto huyu mmemcheka kwa sababu ya harufu. Ile harufu haikuwa yake. Paka ni wangu, na nyumba ni yangu. Mimi nina ugonjwa, pua yangu haisikii, sikujua kama ninamvalisha uchafu. Mkitaka wa kumcheka, mimi nakaa nyuma ya barabara kuu, stoo yenye mlango wa kijani."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa anaangalia chaki mikononi mwake. Ningependa kuandika kwamba nilijivuna, kwa sababu sasa najua alichokitoa asubuhi ile. Sikujivuna. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nilimwona mwanamke mzee mwenye vitenge vya sikukuu siku ya kazi, anayetangaza ugonjwa wake mbele ya watoto, na nilimwonea aibu, na nikajionea aibu mimi kwa kumwonea aibu. Kabla ya wiki kwisha soko zima lilikuwa na habari. Wako waliomletea maharage yaliyooza wakidhani watampata. Tangu hapo alinichukua waziwazi kwenye minada, akasema mbele ya muuzaji, "Nusa, Enesi," bila kujificha. Akina mama wa kanisani walirudi kwenye benchi lake, baadhi yao. Jina la Pushi halikufutika mpaka tulipomaliza darasa la saba, na Aneth hatukuwahi kuwa marafiki.

Sasa nakaa Mpemba, kwenye nyumba yenye bomba la maji ndani. Tunduma imepanda ghorofa, na pale palipokuwa na stoo pana duka la simu. Binti yangu anafuga paka anayelala kwenye kochi, na anasafisha trei ya choo chake huku anaimba, amevaa glavu za plastiki. Rafiki zake wakija humkuta katika kazi hiyo, wakachutama naye na kuendelea na hadithi zao. Namwangalia nikiwa jikoni, na hujikuta natega sikio kusikia kicheko, ingawa hakuna anayemcheka.

Shangazi Roida anaishi nasi. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia mwaka juzi, na mimi ndiye ninayemwogesha na kumbadilisha. Hapendi watoto waone. Kila asubuhi husema, "Funga mlango," nami naufunga, tunafanya kazi ile haraka, yeye amefumba macho, mimi nikizungumza habari za mvua ili tusiisikie kazi yenyewe. Nimekuwa nikidhani huko ndiko kumheshimu.

Wiki iliyopita nilisahau kuzungusha komeo. Binti yangu akasukuma mlango kwa mguu, ana beseni la maji ya moto mikononi, akatukuta katikati ya kazi. Nilitaka kumfokea atoke. Yeye akasema, "Shikamoo, Bibi. Umelalaje?" akaweka beseni chini, akakunja mikono ya gauni, akashika kitambaa akaanza kumfuta miguu, huku anamweleza jinsi alivyogombana na mwalimu wa kemia. Shangazi alifumbua macho. Alimtazama mtoto yule kwa muda, akamuuliza, "Na mwalimu akasemaje?" Wakaendelea hivyo wawili, wakacheka, mlango uko wazi. Mimi ndiye niliyegeuka nikatazama ukuta.